Kusimamia ujenzi wa kanisa Tanga: mwongozo kwa wamisionari na kamati za ujenzi

Katika mkoa wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani na kupanda Muheza hadi Korogwe, makanisa mengi yamejengwa, na mengine yanaendelea kujengwa, kwa ushirikiano wa waumini wa mahali pale na wamisionari waliotumwa na makanisa ya nchi nyingine. Jambo hili ni la zamani. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika Magila, wilayani Muheza, katika karne ya 19, na Walutheri kutoka Ujerumani wakaanza kazi mjini Tanga mwaka 1890. Kilichobadilika ni sheria, vifaa na matarajio ya waumini wenyewe, ambao leo wana wahandisi, wahasibu na mafundi wao, na hawana sababu ya kukaa pembeni wakati nyumba yao ya ibada inajengwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mmisionari aliyepewa jukumu la kusimamia ujenzi, na kwa kamati ya ujenzi inayofanya kazi pamoja naye. Msimamo wake ni mmoja, na hatua zote zinausimamia: jengo ni mali ya usharika au parokia tangu siku kiwanja kinapopimwa, kwa hiyo kila karatasi, kila shilingi na kila uamuzi upite katika mikono ya watu watakaobaki hapa mmisionari akimaliza muda wake.

Hatua ya kwanza: ombi na ukubwa wa jengo

Kabla ya kuchora chochote, pawepo muhtasari wa kikao cha baraza la wazee au kamati tendaji ya parokia unaoonyesha kwamba waumini wameomba kanisa lijengwe, wametaja idadi ya watu wanaohudhuria ibada, na wametaja wao wenyewe watachangia nini. Mchango huo unaweza kuwa fedha, mawe, mchanga, maji, chakula cha mafundi au siku za kazi. Muhtasari usainiwe, na nakala ipelekwe dayosisi au jimbo. Ombi linaloanzia kwa mmisionari peke yake, hata likiwa jema, huwafanya waumini waite jengo hilo kanisa la mzungu au la Mkorea kwa miaka mingi, na likivuja paa humsubiri yeye arudi.

Kuhusu ukubwa, ninashauri kwa nguvu kwamba kamati ichague jengo inaloweza kulipaua kwa fedha zilizopo na ahadi zilizo za hakika. Yeyote anayepita barabara zetu ameona maboma ya makanisa: kuta zimesimama hadi kwenye lenta, ndani pameota nyasi, na nondo za nguzo zimechomoza juu zikila kutu. Afadhali kanisa la waumini 150 lililopauliwa na kuwekewa sakafu, lenye nafasi ya kuongezwa upande mmoja baadaye, kuliko boma la waumini 600.

Hatua ya pili: ardhi iwe salama

Hapa ndipo mmisionari anapaswa kuwa na subira kuliko mahali pengine pote. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, mtu asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa sababu hiyo kiwanja cha kanisa kisiandikwe kwa jina la mmisionari, wala kwa jina la mchungaji, wala kwa jina la mzee wa kanisa aliyekitoa kwa moyo mwema. Kiandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini ya kanisa iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa sababu bodi hiyo haifi, haihamishwi kituo cha kazi na haigombani na warithi.

Mjini, ofisi ya ardhi ya halmashauri ndiyo itakayothibitisha kama kiwanja kimepimwa, kina namba, na matumizi yake kwenye mchoro wa mipango miji ni ya kuabudu. Kiwanja cha makazi kinahitaji kibali cha kubadilisha matumizi kabla ya ujenzi kuanza. Kijijini, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ndiyo inayotumika, ombi huanzia halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, na kamati ihakikishe kwamba muhtasari wa mkutano huo unataja mipaka kwa maelezo yanayoeleweka, na kwamba majirani wa pande zote wamekuwepo mipaka inapoonyeshwa. Mashamba mengi ya Tanga yana minazi, miembe na mikorosho ambayo mwenye mti anaweza kuwa tofauti na mwenye shamba. Waulizwe wazee, miti ihesabiwe, fidia ilipwe mbele ya mashahidi na iandikwe. Yaulizwe pia makaburi, kwa sababu pwani yetu ina makaburi ya kale ambayo hayana alama isipokuwa jiwe au mti, na kuyachimbua bila kujua huvunja ujirani kwa vizazi.

Hati ikichelewa, ujenzi usubiri. Wafadhili wa nje hupenda kuona msingi ukichimbwa kabla mwaka wao wa fedha haujaisha, na mmisionari hujikuta katikati. Awaandikie waziwazi kwamba msingi uliochimbwa kwenye ardhi yenye mgogoro unaweza kupotea pamoja na fedha zao.

Hatua ya tatu: vibali

Mmisionari anayesimamia kazi awe na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Kwa sheria ya ajira za wasio raia ya mwaka 2015, shughuli za dini na za hisani zimewekwa katika daraja D la kibali cha kazi, na Idara ya Uhamiaji huwapa wamisionari kibali cha ukaazi daraja C. Kanisa mwenyeji ndilo linaloomba, hivyo nyaraka za usajili wa kanisa ziwe tayari mapema. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata kazi ya kujitolea isiyolipwa, na jambo hili lirudiwe kwa wageni watakaokuja kusaidia wiki mbili au tatu.

Jengo nalo linahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na michoro inayopelekwa iwe imeandaliwa na kusainiwa na msanifu na mhandisi waliosajiliwa na bodi zao. Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na bango la mradi lisimamishwe mahali pa kazi. Eneo la ujenzi lisajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Hatua ya nne: michoro inayoijua pwani

Mmisionari mara nyingi huja na mchoro wa kanisa zuri la kwao. Mchoro huo unaweza kusaidia kuonyesha mpangilio wa madhabahu na viti, lakini usijengwe kama ulivyo. Tanga ina joto na unyevu karibu mwaka mzima, ina mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na ina upepo unaobeba chumvi. Msanifu aombwe azingatie mambo yafuatayo, na kamati iyakague kwenye karatasi kabla ya kusaini.

Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini kadiri kiwanja kinavyoruhusu, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Madirisha yawe makubwa, yatazamane, na juu yake pawe na matundu ya hewa ya moto, kwa kuwa ukumbi uliojaa watu wakati wa ibada hauhitaji tu feni, unahitaji hewa ipite. Upenu utoke vya kutosha kuzuia mvua ya kusi isilowanishe ukuta. Sakafu iinuliwe juu ya usawa wa ardhi, hasa maeneo ya bondeni ambako maji ya masika husimama. Kuwe na njia ya kupitia kiti cha magurudumu, na vyoo vichorwe tangu mwanzo, kwa sababu vyoo vinavyoachwa kuwa awamu ya pili huwa havijengwi.

Udongo uchimbwe mashimo ya majaribio kabla mhandisi hajaamua aina ya msingi. Ndani ya umbali mfupi mtu anaweza kukuta mwamba wa matumbawe, mchanga mlaini na udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi mmoja haufai kote, na gharama ya mashimo matatu ya majaribio ni ndogo sana ukiilinganisha na ufa wa ukuta wa madhabahu.

Hatua ya tano: mkataba na fedha

Mkadiriaji majenzi aandae jedwali la kazi na gharama, kila kazi ikiwa na kiasi chake na bei yake, na zabuni zilinganishwe kwa jedwali hilo hilo. Mkataba uandikwe kati ya wadhamini wa kanisa na mkandarasi. Mmisionari asisaini kama mwenye mradi. Anaweza kusaini kama shahidi au mjumbe wa kamati, na nafasi hiyo inampa sauti ya kutosha.

Fedha zote, za ndani na za nje, ziingie katika akaunti moja ya benki ya mradi. Watia saini wawe watatu, na malipo yoyote yahitaji saini mbili, mojawapo ya mweka hazina wa usharika. Mmisionari akiwa mtia saini, asiwe na uwezo wa kutoa peke yake. Najua wafadhili wengine hutaka fedha zipitie kwa mtu wao tu, wakidhani ndiyo njia ya usalama. Uzoefu wa miradi mingi ya kanisa hapa kwetu unaonyesha kinyume: fedha zikishikwa na mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, waumini hawajui bei ya chochote, na uvumi hujaza pengo la taarifa. Kila mwezi taarifa ya mapato na matumizi isomwe kanisani baada ya matangazo na ibandikwe ubaoni kwa Kiswahili, kwa shilingi, na nakala ile ile, bila kubadilishwa, itumwe kwa wafadhili.

Mkandarasi alipwe kwa kazi iliyokwisha kupimwa. Malipo ya awali, yakiwepo, yawe na dhamana. Katika kila malipo izuiwe sehemu, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, itakayolipwa baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya jengo kukamilika, kumalizika na kasoro kurekebishwa. Manunuzi yawe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kamati isidhani kwamba kanisa halilipi kodi kwa sababu ni kanisa; kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iingizwe katika makadirio tangu mwanzo, na kama kuna msamaha wowote unaotarajiwa, uombwe na ujibiwe kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka.

Juu ya makontena ya vifaa kutoka nje nina neno. Milango, taa, vigae na vyombo vya choo vinavyotolewa bure ng'ambo huonekana kama baraka, lakini gharama za bandari, ushuru na usafiri huweza kuzidi bei ya kununua kitu cha aina hiyo barabara ya kumi na mbili mjini. Kisha bomba likiharibika, hakuna duka la Tanga lenye kipuri chake. Pokeeni kile ambacho hakipatikani nchini na ambacho fundi wa hapa anaweza kukirekebisha kikiharibika.

Hatua ya sita: vifaa

Saruji si tatizo kwetu kuipata, maana ya Simba inatengenezwa Pongwe, mwendo mfupi kutoka mjini. Tatizo ni kuitunza. Unyevu wa Tanga huigandisha ndani ya mfuko, kwa hiyo iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ndani ya stoo yenye mlango unaofungwa, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usitumike kwenye zege. Kwa nguzo, boriti na msingi itumike saruji ya nguvu 42.5, na ya 32.5 ibaki kwa lipu na kujengea tofali.

Mchanga ndio unaoharibu majengo mengi ya pwani kimyakimya. Mchanga wa ufukweni ni mweupe, safi machoni, na wauzaji hutoa bei nzuri, lakini una chumvi. Chumvi ikifika kwenye nondo huleta kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani miaka michache baadaye, wakati mkandarasi ameshaondoka. Agizeni mchanga wa mto au wa machimbo ya bara, na msimamizi aupime kila lori linapoingia. Kipimo hakihitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, weka mchanga hadi nusu, jaza maji safi, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie saa kadhaa kivulini. Mchanga utakaa chini, na tope litajipanga juu yake kwa mstari unaoonekana wazi. Tope likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, lori lirudi au mchanga uoshwe. Kuhusu chumvi, kitone cha maji yale ulimini kinatosha kutia shaka, na penye shaka mchanga ukataliwe. Maji ya kuchanganyia zege nayo yasiwe ya kisima chenye chumvi.

Nondo zikaguliwe kipenyo kwa kipimo, kwa sababu nondo inayouzwa kama milimita 12 huweza kuwa nyembamba zaidi. Tofali za saruji zinazofyatuliwa mahali pa kazi zihesabiwe kwa mfuko: kwa kuta za kanisa, tofali 25 hadi 30 za inchi sita kwa mfuko wa kilo 50 ni kiasi cha kuridhisha, na anayetoa 50 anapunguza nguvu ya ukuta. Zimwagiliwe maji na zipewe kivuli kabla ya kujengewa. Boriti za mikoko zisinunuliwe kwa ajili ya kuegemezea; misitu ya mikoko imehifadhiwa, na mirunda ya miti ya kupandwa inapatikana.

Stoo iwe na mtunzaji mmoja, leja, na hati ya kutolea vifaa yenye saini ya anayetoa na anayepokea. Kamati ihesabu stoo bila taarifa angalau mara moja kwa mwezi.

Hatua ya saba: kuwepo kazini

Kule Unguja, katika kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, wageni huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, na husimuliwa kwamba askofu aliyekuwa akisimamia kazi, Edward Steere, alikuwa amesafiri wakati mafundi wanaziweka. Usimamizi wa simu na picha una mipaka hiyo hiyo. Mmisionari au msimamizi aliyeteuliwa na kamati awepo kila siku ya kazi, na awepo bila kukosa siku za kuweka msingi, kufunga nondo, kumwaga zege na kupaua.

Siku ya zege ianze kwa ukaguzi wa nondo mbele ya mhandisi. Nondo zisiguse mbao za boksi wala ardhi. Ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege, ambavyo mafundi huviita biskuti, ili zifunikwe na zege la kutosha pande zote. Kwa hali ya hewa yetu, milimita 50 kwenye msingi na 40 kwenye nguzo za nje si anasa. Mchanganyiko upimwe kwa boksi la mbao au ndoo iliyojazwa sawasawa, kwa uwiano aliotoa mhandisi, na si kwa makoleo yanayokadiriwa kwa macho.

Ugomvi mkubwa wa siku hiyo utakuwa juu ya maji. Zege lenye maji mengi hutiririka lenyewe, halichoshi mikono, na wasaidizi wanaolibeba kwa karai juani watapenda liwe hivyo. Lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na katika vitundu hivyo ndimo chumvi inamopitia. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, lita 25 za maji ni kipimo cha kuanzia, na mchanga ukiwa umelowa kwa mvua yapunguzwe. Msimamizi asimame karibu na pipa la maji, kwa upole lakini bila kuondoka, na kazi ya kushindilia ifanywe kwa mashine ya kutetemesha.

Zege likishashika, lisiachwe juani. Kwa siku saba angalau lilowanishwe asubuhi, mchana na jioni, na njia nzuri ya hapa ni kulifunika kwa magunia ya mkonge yaliyoloweshwa, ambayo hutunza unyevu vizuri. Mirunda iliyo chini ya boriti isiondolewe kabla mhandisi hajaruhusu. Kwa kawaida hukaa siku 14 hadi 21. Sampuli za mchemraba zipelekwe maabara zikapasuliwe zikiwa na siku 7 na siku 28, na majibu yahifadhiwe katika faili ya mradi.

Daftari la kazi liandikwe kila jioni kabla mafundi hawajatawanyika. Maneno machache yanatosha, yawe ya kweli: "Jumanne. Mafundi 6, wasaidizi 9. Zege la nguzo 4 za upande wa mashariki, saruji mifuko 6. Mvua saa nane hadi saa tisa mchana, kazi ilisimama, zege lilifunikwa kwa turubai. Mhandisi ameagiza nguzo ya tatu ipimwe tena kwa timazi kesho." Mgogoro wa malipo ukizuka miezi sita baadaye, ukurasa huo utakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Maagizo ya kubadilisha kazi yatolewe na mhandisi au msanifu kwa maandishi. Mmisionari anayemwambia fundi moja kwa moja asogeze dirisha, hata kwa nia njema, amemwondolea mkandarasi wajibu wa dirisha hilo na ameiongezea kamati gharama isiyokuwa kwenye jedwali.

Hatua ya nane: paa

Kupaua kupangwe kiangazi, kabla ya masika. Kenchi za ukumbi mpana zichorwe na mhandisi, ziwe za chuma au za mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, na zifungwe kwenye lenta kwa vyuma vilivyozikwa ndani ya zege, kwa kuwa upepo wa pwani hulinyanyua paa kuanzia kwenye upenu. Mabati yasiwe membamba kuliko geji 28, na kumbukeni kwamba geji 30 ni nyembamba zaidi ingawa namba yake ni kubwa. Karibu na bahari chagueni yenye mchanganyiko wa alumini na zinki yaliyopakwa rangi, na misumari iwe ya aina isiyoshika kutu. Mifereji ya maji na tanki viwekwe sasa, paa likiwa jipya.

Dawa ya mchwa ya ardhini inapaswa kuwa imewekwa kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu, kumwagwa. Baada ya hapo imeshachelewa. Umeme utandazwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Hatua ya tisa: mafundi na majirani

Tanga ni mji wa Waislamu na Wakristo waliooana, wanaozikana na kualikana, na mafundi wengi watakaojenga kanisa ni Waislamu. Waajiriwe kwa ujuzi wao, na ratiba iwaheshimu: mapumziko ya swala, mchana wa Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani, ambapo inafaa kuanza kazi mapema alfajiri na kumaliza kabla jua halijawa kali. Sala ya asubuhi ya waumini mahali pa kazi ni jambo jema kwa anayependa kuhudhuria. Kuifanya sharti la kupata kibarua ni dhuluma, na ni vibaya zaidi ikifanywa na mgeni mwenye fedha.

Kabla ya kazi kuanza, mchungaji na wazee wampeleke mmisionari kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa majirani, nyumba kwa nyumba, pamoja na imamu wa msikiti ulio karibu. Apige hodi, awape wazee shikamoo, akae anapokaribishwa, na aeleze kwa Kiswahili chake, hata kikiwa kichache, malori yatapita wapi na kelele zitakuwa saa ngapi. Vipaza sauti vya kanisa vijadiliwe hapo hapo.

Vibarua walipwe siku iliyoahidiwa, wawe na mikataba, waandikishwe NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), wapewe kofia na buti. Mtu aliye chini ya miaka 18 asipande jukwaa wala kubeba zege.

Hatua ya kumi: vikundi vya wageni

Makanisa ya nje hupenda kutuma vikundi vya vijana waje kujenga kwa siku chache. Upendo huo upokelewe, lakini kamati iwe na ujasiri wa kusema kazi ipi inawafaa. Kupaka rangi, kusomba tofali, kupiga msasa viti na kupanda miti ni kazi nzuri kwao. Kujenga ukuta na kufunga nondo waachiwe mafundi, ambao pia wana familia zinazotegemea ujira huo. Kila mgeni aambatane na mwenyeji wa rika lake, na wale pamoja.

Picha zipigwe kwa ruhusa. Watoto wasipigwe picha bila idhini ya wazazi, na waumini waonyeshwe maelezo yatakayoandikwa chini ya picha zao zinapotumwa ng'ambo. Usharika uliouza kuku na nazi kununua mifuko ya saruji una haki ya kuonekana kama mjenzi, na taarifa isiyotaja mchango huo siyo taarifa kamili.

Hatua ya kumi na moja: makabidhiano

Kazi ikikamilika, mhandisi, mkandarasi na kamati watembee jengo zima na kuandika orodha ya kasoro: mlango unaogoma, kigae kinacholia, bati linalovuja. Kipindi cha matazamio kikiwa cha miezi 12 kitapita katika masika na vuli zote mbili, na hapo paa litakuwa limejaribiwa kweli. Fedha iliyozuiwa isitolewe kabla ya ukaguzi wa mwisho.

Wadhamini wapokee faili yenye hati ya ardhi, kibali cha ujenzi, michoro ya jengo kama lilivyojengwa, njia za mabomba na nyaya, majibu ya maabara, mkataba na taarifa ya mwisho ya fedha iliyokaguliwa. Nakala moja ibaki usharikani na nyingine dayosisi. Usharika uteue watu wawili wa matengenezo na utenge fungu dogo la sadaka kila mwezi kwa ajili yao. Kazi yao ya kwanza kila mwaka iwe kupanda juu mwezi wa Februari, kusafisha mifereji, kukaza misumari ya bati na kupaka rangi palipoanza kutu, na taarifa yao isomwe kwenye kikao cha baraza la wazee kabla mvua hazijaanza.